Mabwawa ya Filomena

Siku ya kwanza nilipomwona Filomena, mjane wa Izidori, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mbele ya nyumba yake, akiparua ngozi ya biva, yule mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, iliyowambwa kwenye duara la mti. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimekuja na wenzangu kukata miti ili kufungua barabara ya majira ya baridi, ile ipitayo juu ya barafu. Nilipita pale mara tatu nikitafuta ujasiri wa kuomba maji. Mara ya nne akasema bila kuinua macho:

“Wewe kijana, umepoteza kitu au umejipoteza mwenyewe?”

Nikasema nina kiu.

“Kumbe ulimi unao! Maji yako nyuma ya mlango.”

Barabara ilipokwisha wenzangu waliondoka, mimi nikabaki. Nilimpasulia kuni kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, asiyependa sifa. Ukimsifia samaki wake wa moshi alikuambia, “Kula, usihutubie.”

Njia yake ya mitego aliirithi kwa baba yake. Ilianzia nyuma ya kijiji, ikakata vinamasi, ikaishia kwenye mabwawa saba ambayo biva wenyewe walikuwa wameyajenga kwa matete, matope na miti waliyoangusha kwa meno. Kila alipotega huko miaka sita, aliiacha njia nzima ipumzike mitatu. Miaka hiyo alikula samaki na sungura. Hata hivyo hakukaa nyumbani. Kila mwezi tulikwenda, yeye mbele kwa viatu vya theluji, mimi nyuma na shoka, kutazama nyumba za biva na kuhesabu zilizotoa mvuke juu. Zenye mvuke zilikuwa na wenyewe ndani. Kwenye bwawa la kwanza alifunga kitambaa chekundu mtini. Watu wote wa kwetu walijua maana yake: pita, usiguse.

Katika mwaka wa pili wa mapumziko ya mwisho ilikuja barua ya serikali. Ilisema serikali inataka kazi za jadi ziendelee kuishi, na kwa hiyo njia yoyote isiyotoa ngozi kwa majira mawili ya baridi itahesabiwa imetupwa, apewe mwombaji mwingine. Mwombaji alikwishapatikana, mtu wa mjini mwenye mashine mbili za thelujini.

Bwana nyama wa serikali alikuja mwezi wa tatu, tukakusanyika ukumbini. Aliitwa Kendal, mtu mpole, mwenye mafua siku hiyo.

“Mama, kitabu changu hakina ngozi yako hata moja.”

“Nimeilaza njia,” Filomena akasema. “Wewe ukilala mchana, mkeo huleta jeneza?”

Watu wakacheka. Kendal naye akacheka, akapenga kamasi.

“Mimi nakuamini, mama. Lakini kuamini hakuandikwi. Nipe ngozi kabla barafu haijayeyuka, mbili tu zinatosha. Au asimame mtu mmoja aseme amekuona ukiitunza njia hii miaka miwili hii. Nitaandika jina lake, basi, yamekwisha.”

Filomena hakunitazama. Wengine walinitazama. Mtu aliyekwenda naye alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua. Nilitazama viatu vyangu. Kendal alisubiri jina, kisha akafunga kitabu.

“Basi ngozi,” akasema.

“Mapumziko yangu yamebaki mwaka mmoja,” Filomena akajibu, akavaa koti.

Siku ya nne nilichukua mitego yangu nikaenda peke yangu. Nilipita kwenye kitambaa chekundu. Nilitoboa barafu kwenye bwawa la tatu, na kesho yake nikatoa biva wawili. Niliwachuna kulekule, nikaziwamba ngozi, na zilipokauka nikampelekea Kendal. Akaandika jina la Filomena. Njia ikabaki yake.

Nyama nilimpelekea Filomena mwenyewe, nikidhani atafurahi. Mmoja nilikuwa sijampasua tumbo. Filomena alimlaza mezani, akampasua, akaacha kisu. Tumboni mlikuwa na watoto wanne, kila mmoja mdogo kama kidole gumba.

“Umewatoa wapi?”

“Bwawa la tatu.”

Alinawa mikono. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha chai. Majira yote ya joto niliendelea kupasua kuni, naye akaendelea kuzichoma, tukisalimiana kama watu waliokutana dukani.

Majani yalipogeuka manjano alishikwa na kifua. Ndege ya wagonjwa ilipokuja kumchukua alimtuma jirani aniite. Nilimkuta kitandani amevaa kilemba chake cha Jumapili. Chini ya mto alitoa karatasi na kitambaa chekundu kipya. Karatasi ilikuwa ya kuniandikisha mimi kwenye njia, na alikwisha kutia sahihi yake.

“Bibi, mwaka mmoja ndio uliobaki,” nikasema. “Nitautimiza.”

“Mmoja wapi? Uliuvunja. Anza upya, mitatu.” Akakohoa muda mrefu. Wauguzi walikuwa wamefika mlangoni na machela. “Na Kendal atakuja tena, maana kitabu chake hakilali. Safari hii akiuliza nani ameona, Alfonsi, usinichunie biva. Simama useme.”