Kete Nyeusi za Mchonga Mawe

Yule mchonga mawe wa hapa Kitengela huomba kete nyeusi kila mara. "Nyeupe nikizichafua sitajua," husema. Hunawa mara tatu kabla ya kuketi kwenye sataranji, lakini vumbi la machimbo halimtoki vidoleni. Kila kete anayoisogeza hubaki na alama nyeupe, naye huipanguza kwa pindo la shati huku akiiambia polepole, "Pole."

Jumamosi, kwenye fainali katika ukumbi wa kanisa, alikutana na Mwalimu Mugure, mama mstaafu aliyemfundisha mchezo wenyewe. Sote tuliona mchonga mawe amebakisha hatua moja tu ya malkia, na mfalme mweupe hana pa kukimbilia. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha.

"Cheza, kijana yangu," Mwalimu akamwambia. "Ama nilikufunza kuogopa?"

Akacheza. "Pole, Mwalimu," akasema, kwa sauti ile ile.

Tulipokuwa tukipiga makofi, Mwalimu alimwinua yule malkia mweusi, akaitazama alama ya kidole. Fundi tayari alikuwa ameshika pindo la shati. Mwalimu akaifumbata kete.

"Hii wacha," akasema.