Seremala wa Lushoto anayewatoa wauza mboga chini ya magari

Saa tatu asubuhi mjini Lushoto, ukungu bado umelalia mikaratusi ya upande wa pili wa bonde. Kwenye uwanja mdogo wa karakana, miguu miwili iliyovaa raba za kiume inaning'inia nyuma ya pikapu nyeupe yenye boksi la bati. Mwenye miguu haonekani. Inayotoka ni sauti yake tu, ikishindana na mkwaruzo wa msasa.

"Nani kakwambia naipenda kazi hii? Andika kwamba nina hasira. Ukiandika naipenda, utakuwa umenizulia."

Anajivuta kinyumenyume, anashuka, anakung'uta unga wa mbao kwenye khanga aliyoifunga juu ya suruali. Huyu ndiye Hidaya Kassimu, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, seremala aliyefundishwa kazi na marehemu baba yake katika kijiji cha Malindi, wilayani humuhumu, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza vitanda, makabati na milango kama mafundi wengine wa mji huu.

Leo anatengeneza kitanda ndani ya gari. Chaga zimepita juu ya nundu za matairi, ukuta hadi ukuta, na chini yake kuna droo mbili ndefu zinazovutwa kwa nyuma. Gari likipanda au kushuka mlima, droo hubeba saladi na liki, mboga zisizovumilia kukandamizwa, na juu ya chaga hukaa matenga ya karoti na hoho. Mzigo ukishashushwa sokoni, matenga yakiondoka, panatandikwa godoro. Wanawake wawili wanalala, mikoba yao imefungiwa droo, na mlango wa boksi la bati una komeo la ndani.

Wengi wanaopita hapa husifu ubunifu wake. Hilo nalo linamkera.

"Ubunifu gani? Mtu kalala, basi. Kulala kumekuwa ubunifu?"

Chanzo cha yote ni dada yake mkubwa, Mwanamisi, aliyekuwa akipeleka mboga Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka kumi. Wanunuzi wa jumla huanza kazi kabla hakujapambazuka, hivyo mwenye mzigo hulazimika kulala palepale sokoni. Chumba cha kulala wageni kinameza faida ya safari. Wanaume hujibanza kwenye viti vya mbele vya magari. Wanawake hutandika magunia popote penye nafasi, na mvua ikinyesha huingia chini ya malori.

Mwanamisi aliingia chini ya lori msimu wa masika, miaka mitatu iliyopita. Dereva hakuchungulia. Alirudisha gari nyuma, na tairi likapita juu ya paja la kushoto la Mwanamisi.

Hidaya alifika hospitali siku iliyofuata, macho yamemvimba kwa safari na kilio. Kando ya kitanda alimkuta mwanamume mmoja kutoka sokoni, aliyetumwa kuja kutoa pole. Baada ya pole zake, mtu huyo akatikisa kichwa na kuuliza: "Lakini huyu mama, alifuata nini chini ya gari?"

Hata sasa Hidaya akilisimulia hilo, sauti inampanda na majirani wanageuka kutazama.

"Alifuata pa kukauka! Mvua inakunyeshea, wewe unafuata nini? Soko lina ofisi, lina geti, lina mlinzi wa kulinda mizani. Mizani inalala ndani, mtu analala nje. Halafu unaniuliza alifuata nini?"

Aliporudi Lushoto alikwenda kwa wenzake Mwanamisi, wanawake watano wa Malindi waliozoea kukodi pikapu ya Mzee Hamza. Wawili wao husafiri kwa zamu, wakikaa mbele na dereva, wakiwa na mzigo wa wote. Hidaya aliwaeleza alichofikiria. Wanawake wakachanga mbao na bawaba. Yeye hakudai ujira.

Mzee Hamza hakupendezwa. Alisema gari lake si nyumba ya wageni. Alilainika alipoonyeshwa jinsi droo zitakavyofikisha saladi ikiwa nzima.

Scholastica, mmoja wa wale watano, anaikumbuka safari ya kwanza.

"Mimi nilivua viatu," anasema, kisha anacheka kwa aibu kidogo. "Wewe unaona ni kitu kidogo. Miaka yote sokoni nilikuwa nalala navyo, maana huwezi kujua saa ngapi utakimbia. Siku ile nilivua, nikaviweka kwenye droo, nikafunga komeo. Dereva alitugongea asubuhi mpaka akachoka."

Raha hiyo ilidumu mwaka mmoja na kidogo.

Kisha Mzee Hamza akapata mteja wa kabichi, mzigo mkubwa wa kila wiki, na akaona kitanda kinamnyima nafasi. Alimwita kijana mwenye nyundo, wakaking'oa. Hakumwambia yeyote. Safari iliyofuata kabichi zilikuwa zimeshapakiwa na kufunikwa turubai, vijana wa gari wakapanga juu yake matenga ya Scholastica na mwenzake, nao hawakuona kitu. Walikuja kujua sokoni, baada ya kushusha, walipofungua mlango ili watandike godoro na kukuta bati tupu lililojaa maji ya kabichi.

"Tulikaa macho, tumesimama, kunanyesha," anasema Scholastica. "Nikampigia Hidaya simu. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia."

Kesho yake Hidaya alipita njia ya kwa Mzee Hamza. Hakuhitaji kuuliza. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa zizi, na droo zake mbili zimegeuzwa viota vya kuku.

Anasema angeweza kulimeza jambo lile, kwa sababu Mzee Hamza ni rika la baba yake na ukoo wao ni wateja wakubwa wa karakana. Lakini wiki chache baadaye mzee mwenyewe akaja, amevaa kanzu safi, ana furaha.

"Shikamoo, baba," Hidaya akamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Karibu."

Mzee aliketi kwenye benchi, akasifu kabati lililokuwa likisubiri vanishi, kisha akaeleza shida yake. Binti yake Shamsa anaolewa baada ya mfungo. Anataka kitanda kizuri, cha sita kwa sita, na chini kiwe na droo.

"Zile droo zako za kwenye gari," akasema. "Zilikuwa nzuri sana zile."

Hidaya aliweka randa chini, kwa sababu aliona akiendelea kuishika ataitupa.

"Zile droo ziko wapi sasa, baba?"

"Zipo nyumbani."

"Zinafanya nini?"

"Aa, si kuku tu wanatagia. Zile ni mbao, binti yangu. Usizitie moyoni."

"Baba, kitanda cha Shamsa sitakitengeneza. Mwanao alale juu ya chaga zangu, na Scholastica asimame kwenye mvua? Tafuta fundi mwingine." Sauti yake ilifika barabarani.

Mzee aliinuka. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuamkia."

Habari ilifika Malindi kabla ya adhuhuri. Amtukanaye mzee huku hasameheki kirahisi, na baba mdogo wa Hidaya alikuja akiwa amenuna, akamwambia aende kuomba radhi. Hidaya akaenda, na Scholastica akafuatana naye.

Alipiga goti mbele ya Mzee Hamza. Akaomba radhi kwa kupandisha sauti mbele ya mtu mzima. "Kwa sauti tu," anasisitiza. "Kwa maneno niliyoyasema sikuomba radhi, na leo siombi." Bila kuinuka, akaongeza kwamba mbao zile zilinunuliwa na akina mama, na wamekuja kuzichukua.

Mzee alichukua kofia yake akatoka, akasema anawahi msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado.

Wanawake wale wawili walibaki wamesimama uani wasijue kama wamekubaliwa au wamefukuzwa. Ndipo mke wa mzee, Bi Hadija, alipotoka jikoni. Alikwenda zizini, akawatoa kuku mmoja mmoja, akakusanya mayai kwenye upande wa khanga, akaanza kuivuta droo ya kwanza. Ilikuwa nzito, na Scholastica akakimbia kumpokea.

"Mimi nimelala chini ya magari tangu sijazaa," Bi Hadija akawaambia walipofikisha droo na chaga barabarani. "Hiyo pikapu ilinunuliwa kwa mboga nilizouza mimi. Mume wangu anajua. Kasahau tu."

Hidaya anasema maneno hayo ndiyo yaliyomuumiza kuliko yote. "Watu wanakula jasho la hawa wanawake, wanapanda magari ya jasho lao, halafu wanasahau jasho lilikuwa limelala wapi."

Mambo hayakuisha vizuri kwa kila mtu. Kitanda cha Shamsa kilinunuliwa Mombo. Ukoo wa Mzee Hamza haujarudi tena karakanani, na Hidaya anakiri kwamba pengo lao analiona kila mwisho wa mwezi. Mzee mwenyewe akiamkiwa huitika, kisha anapita.

Pikapu nyeupe iliyopo uwanjani leo ni ya Alen, kijana wa Malindi ambaye mama yake naye huuza hoho. Wanawake watano wamehamia kwake. Amekubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba kitanda hakitatoka bila wao kukubali. Gari lake ni refu kidogo kuliko la mzee, kwa hiyo Hidaya ameunga chaga mpya tatu na kuziosha droo kwa maji ya moto na majivu.

"Na nimekaza bolti kwa chini," anasema. "Mwenye haraka ya kukitoa itabidi alale chini ya gari kwanza. Aonje."

Magari mengine mawili yanasubiri zamu. Hata hivyo, hesabu ya vitanda haimfurahishi. Anachokitaka ni chumba chenye mlango pale sokoni, cha wanawake wenye mizigo, na baada ya mavuno ya karoti wanakusudia kwenda wote kwa uongozi wa soko kukidai. "Siendi kuomba. Wanatutoza ushuru wa kuingia, watuonyeshe pa kulala."

Wakati anasema hayo, Mwanamisi anaingia uwanjani akiegemea fimbo. Alhamisi atasafiri na Alen, mara yake ya kwanza tangu ajali. Hidaya amelipinga jambo hilo wiki nzima na ameshindwa.

"Inua mguu," anamwambia dada yake, akiwa ameshika kipande cha ubao nyuma ya gari. "Unafika hapa?"

"Shusha kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

Hidaya anapigilia kidaraja palepale. Mwanamisi anakikanyaga, anashika ukingo wa mlango, anapanda taratibu akihema. Anajilaza juu ya chaga zisizo na godoro, anajinyoosha, kisha ananyoosha mkono na kuuvuta mlango. Komeo linaingia kwa ndani.

Hidaya amesimama na nyundo mkononi.

"Dada?"

"Niache kwanza," sauti inajibu kutoka ndani. "Nimelala."