Mkwe Nyuma ya Turubai

Walubengo hupiga muziki wa harusi kutoka Kitale mpaka Bungoma, na ukimwuliza atakwambia hakuna anayejua kuchagua nyimbo kama yeye. Si uongo sana. Anajua wazee wanachoka lini na nyimbo za injili, vijana waachiwe lini dakika kumi za fujo yao, na pasta ameanza lini kukunja uso. Basi Nelima, mdogo wa mkewe Nekoye, alipotaka kufanya harusi nyumbani kwao Tongaren, kamati haikutafuta mtu mwingine.

Kikao cha mwisho kilikuwa Kitale, na kalamu alishika yeye. Wimbo wa keki huu, wa zawadi ule. Alipofika kwa mama wa bi harusi aliandika wimbo wa litungu, kinanda cha nyuzi cha kwao, ule wa zamani ambao mama wa Kibukusu hawezi kuusikia akabaki kitini. Mabega huanza yenyewe. Mama aingie akicheza, amchukue binti yake mlangoni pa hema, wapite mbele ya spika. Kamati ikampigia makofi. Hakuna aliyekumbuka, naye mwenyewe hakukumbuka, kwamba mama huyo ni mama mkwe wake.

Kwao mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawali pamoja. Kucheza mbele yake ndiyo usiseme. Mama Nekoye hakosi kanisani Jumapili hata moja, lakini hilo hajaliacha. Kwa miaka tisa, Walubengo akiingia boma kwa mbele, yeye hutoka kwa nyuma, na hajawahi kumwambia neno.

Siku ya harusi, mnamo saa sita, Nekoye alikuja mbio mpaka kwenye mashine ya muziki.

"Mama amekataa kutoka jikoni," alisema. "Ati hawezi kucheza na wewe uko hapa."

Walubengo alitazama mlangoni. Nelima alikuwa amesimama na shela yake, macho jikoni, poda imeanza kuchirizika. Alikuwa ameshasema haingii bila mama yake.

"Basi mimi nitoke?"

"Utoke, nani apige? Si nyimbo zote ziko kwa kichwa yako?"

Hapo alibanwa kweli. Akiondoka, harusi inakuwa kimya kama matanga. Akibaki, Nelima haingii. Na mchimba kisima alikuwa yeye mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Nekoye hakungoja ushauri. Alichukua turubai la kuanikia mahindi, akaizungushia mashine, mumewe akiwa ndani, akakaza kamba kwa nje. Walubengo akabaki humo, jua la mchana limemkalia utosini, makapi ya mahindi yakimwingia shingoni. Hakuona hema, bi harusi wala mtu. Alifungulia litungu kwa kubahatisha hivyo hivyo.

Vigelegele vilitokea upande wa jikoni, vikakaribia. Miguu ilipita karibu mpaka turubai likatikisika, naye akajikunja na kufunika uso, ingawa hakuna aliyemwona. Wimbo ukaisha. Kisha sauti ya mwanamke, hatua mbili tu kutoka alipo:

"Nekoye, ambia huyo mwenye muziki arudie. Mimi bado sijamaliza na mtoto wangu."

Miaka tisa, na hilo ndilo neno la kwanza. Alirudia. Alirudia mara nne, jasho na machozi vikishuka pamoja, na alilia vizuri kwa sababu alikuwa peke yake.

Kufikia saa kumi na moja Nelima alikuwa ameondoka na watu wa bwana harusi. Walubengo alisikia magari yakiishia barabarani, kisha viti vikipangwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alimwita mkewe kwa kunong'ona, akamwomba amfungulie.

"Ngoja kidogo," Nekoye alijibu kwa sauti ya chini. "Mama ameketi hapa nje."

"Ataingia nyumba saa ngapi?"

Nekoye aligeuka kutazama. Hema lilikuwa tupu, na mama yake alikuwa amevua viatu, anatazama barabara.

"Haingii," alisema. "Anaomba umwekee tena ule wimbo."