Niliuvua Nguo Waya wa Gitaa, Nikamsingizia Mwenyewe

Aliyeharibu gitaa la umeme la Lameki ni mimi. Si jasho lake, wala si baridi ya Njombe. Ni mimi, fundi redio wa Makambako, na jina langu naomba mniachie maana heshima iliyobaki humo ni ya kuokoteza.

Jamani, nilikuwa na majivuno! Nilikaa Iringa miezi michache nikimtazama fundi mmoja akitengeneza redio, nikarudi nyumbani na bisibisi, koleo na maringo. Mlangoni nikaandika kwa rangi nyeupe: FUNDI WA VITU VYOTE VYA UMEME. Makambako nzima umeme ulikuwa wa betri. Nani angenibishia?

Lameki ni kijana wa Njombe, wa familia ya Kilutheri inayolima viazi na ngano. Alikwenda kufanya kazi migodini huko kusini. Wenzake wakirudi huleta mablanketi na baiskeli, yeye akarudi na gitaa jekundu la umeme na kipaza sauti chake. Na mkono wake kwenye nyuzi, acheni! Hata wazee wa kanisa walikuwa wakisimama barabarani wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Ana dada, Rahabu. Nilikuwa nimepeleka posa, nasubiri jibu. Basi mkiona nilivyojipendekeza, sababu mnaijua.

Siku moja Lameki alishuka Makambako na gitaa mgongoni.

"Kamwene, Fundi. Linakatakata. Mara linalia, mara kimya. Na Jumamosi kiongozi wa bendi ya Iringa anakuja kunisikiliza kule ukumbini, kwenye shamba la miti ya miwati. Akiridhika ananichukua."

"Liache hapa, shemeji," nilimwambia. Shemeji! Posa yenyewe haijajibiwa!

Sikuwahi kufungua gitaa la umeme maishani mwangu. Chini ya nyuzi nikakuta kile wanachokiita pikapu, kijisanduku kinachonasa sauti. Ndani mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko isiyohesabika.

Sasa sikilizeni ujinga. Nyaya nilizozijua mimi zilikuwa na nguo. Nyingine zimevikwa mpira, nyingine uzi wa pamba, na kwenye redio za zamani niliona hata za hariri. Huu wa gitaa haukuvaa kitu. Ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, karibu na nyeusi. Nikasema, ahaa, hii ni kutu ya mgodini! Ndiyo inayokata sauti!

Nikaufungua wote. Nikachukua msasa laini, nikaukunja, nikaupitisha waya katikati yake kidogo kidogo mpaka shaba ikameta. Ulikatika, nikaunga. Ukakatika tena, nikaunga tena. Vidole vilichubuka, nami najisifu peke yangu kama kichaa. Kisha nikauzungusha upya kwenye sumaku, nikafunika, nikafuta gitaa kwa kitambaa.

Kulijaribu sikujaribu. Kipaza sauti kilikuwa Njombe, na jenereta lilikuwa kule kule shambani. Lameki alipouliza, nilimjibu kwa dharau, "Daktari akikushona kidonda, huwa unamwambia akijaribu?"

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wa miwati, makarani, akina mama na khanga zao bora. Kiongozi wa bendi alikaa mbele, kofia juu ya goti. Rahabu na mama yake walisimama karibu na dirisha, nami nikajisogeza hapo ili sifa zikianza kugawiwa zisinikose.

Lameki akapiga.

Kipaza sauti kikanguruma mmmmm, kama nyuki ndani ya mtungi. Nyuzi zenyewe hazikusikika! Akazungusha vifundo, akapiga tena. Mmmmm.

"Liwasheni kwanza!" mtu akapiga kelele nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Lameki akaniangalia. "Fundi, umefanya nini?"

Hapo ndipo nilipotenda dhambi yenyewe. Kuharibu waya kulikuwa ujinga tu, na ujinga husamehewa. Lakini Rahabu alikuwa ananitazama, kiongozi wa bendi ananitazama, na kinywa changu kikafunguka chenyewe: "Nililikabidhi zima! Ni jasho la mikono yako, shemeji. Mikono yako ina maji, imelilowesha ndani. Mtu wa mikono hiyo hafai kushika chombo cha umeme."

Niliyatoa wapi? Sijui mpaka leo! Lakini watu waliamini, maana mlangoni kwangu kulikuwa na kibao.

Lameki aliigeuza mikono yake akaitazama pande zote mbili. Kiongozi wa bendi akavaa kofia, akaaga kwa adabu, akaondoka. Ngoma iliendelea kwa kodiani ya karani mmoja.

Tangu hapo wakamwita Mikono Maji. Sokoni watu walikataa kumpa mkono, kwa utani, lakini walikataa. Akaanza kujipaka poda viganjani. Mwisho akaacha kupiga hata gitaa la kawaida, lile lisilo na umeme wowote, kwenye harusi za kanisani. Nami nikakaa kimya, nikiamini nusu ya uongo wangu mwenyewe!

Nilikuja kuzinduka kwa redio yangu. Ilikuwa inasema vizuri tu asubuhi. Nikaona ndani yake waya wa rangi ile ile ya zambarau, nikasema ngoja niusafishe isije ikaanza kukatakata kama gitaa. Nikausafisha kwa msasa wangu mashuhuri. Redio ikafa!

Nikakaa chini. Nikachukua betri na balbu ya tochi, nikagusisha kipande cha waya ambacho hakijasuguliwa. Balbu haikuwaka. Nikakwangua ncha zake, nikagusisha tena. Ikawaka.

Ile rangi haikuwa kutu. Ni vanishi, na vanishi ndiyo nguo yake! Huo waya umevaa nguo nyembamba kuliko pamba na hariri ili mizunguko yote ienee pale kwenye sumaku bila kugusana shaba kwa shaba. Mimi nikauvua ukabaki uchi, umeme ukawa unakatiza njia unavyotaka.

Nilipanda lori kwenda Njombe. Nikamkuta Lameki anafunga sanduku, anarudi migodini. Mama yake alinikaribisha chai na viazi, maskini, kama mkwe. Nikawaeleza yote.

Nilitegemea ngumi. Lameki akauliza polepole, "Kwa hiyo mikono yangu haina kasoro?"

"Haina, ndugu yangu."

Akatoka nje. Mama akaacha kunimiminia chai.

Rahabu akasema, "Ulisema uongo ukumbini, mbele ya watu. Ukweli unakuja kuusemea jikoni kwetu?"

Jumamosi hiyo nilisimama ukumbini mbele ya umati ule ule nikasema. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini! Niliwaacha wacheke. Lameki alikuwapo, hakucheka. Nililifungua gitaa tena, nikalivika waya wenye vanishi yake niliouagiza Iringa, na safari hii nikalijaribu kwa jenereta la shambani. Likalia vizuri, kisha likakatakata kama siku ya kwanza. Nikafuatilia mpaka kwenye waya wa plagi, ule unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye kipaza sauti. Ulikuwa umekatika ndani ya mpira, karibu na ncha. Kazi ya kisu na risasi kidogo ya kuungia! Pikapu haikuwa na kosa tangu mwanzo!

Iringa walikwishapata mpigaji mwingine. Lameki aliondoka kwenda kusini, na gitaa akaondoka nalo. Posa yangu ilirudishwa kwa heshima, na mshenga alisema tu kwamba nyumba ile haina neno nami, ila haina binti.

Basi ninyi mafundi wenzangu, wa redio, wa baiskeli, wa cherehani, hata wa mambo ya watu, nawasihi. Usilolijua, sema hulijui. Juzi mama mmoja aliniletea mashine nisiyowahi kuiona. Ulimi ulikuwa mzito kama gunia la viazi, lakini nikamwambia, "Mama, hii siiwezi." Akaibeba akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, nami nikabaki nimesimama mlangoni, aibu imenijaa, na usiku ule nikalala fofofo.