Mchi Ukiwa Juu

Wivu nilikuwa nao, siupambi. Niliuonea wivu mkoba wa magazeti ya katuni, na mwanamke aliyeutoa.

Hapa Kilosa mwali akitolewa ndani, mtunzi wa nyimbo zake nilikuwa mimi. Shule niliishia darasa la pili. Mizani wanayohesabu wasomi siijui. Mimi napima kwa mchi. Tunatwanga mpunga wawili kinu kimoja: wangu ukishuka, wa mwenzangu uko juu. Kipande cha kwanza cha mstari nakiangusha na mchi wangu, cha pili anakiangusha yeye na wake. Akichelewa kidogo tu michi inagongana, na wimbo umekufa.

Mwenzangu kinuni alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, wa miaka kumi na miwili. Kwa utani nilimwita mke mwenzangu. Kupokea alijua! Nilishajisemea moyoni, nikifa nyimbo zangu ni zake.

Ikaja miaka ya ruksa, na mitumba, na magazeti ya kila namna. Bibi yake wa upande wa baba alipika wali Mikumi, pale mabasi ya Iringa yanaposimama. Abiria wakiacha magazeti mezani, yeye anaokota. Mtoto akaenda kwake likizo, akarudi na mkoba mzima.

Mchi wangu ukabaki mjane. Wanawake wakija kutwanga, mtoto anakaa juu ya gunia na gazeti lake. Anasoma kijumba kimoja cha picha, ananyamaza, anainua macho.

"Eeh! Halafu?" wanauliza, michi mikononi.

Ndipo anasoma kijumba cha pili, nao wanaanguka kwa kicheko. Nikamtazama vizuri. Picha, kimya, picha, kimya. Kimya kile nilikijua. Ni mchi ukiwa juu! Mimi ndiye niliyemfundisha kusubiri hivyo, naye pumzi yangu ameipeleka kwenye makaratasi ya Mikumi.

Siku hizo walikuwa na hadithi ya bwana mmoja mwenye suti ya kuazima, kaposa wanawake wawili bila wao kujuana. Msomaji akaishia bwana anakwenda kwa mchumba, na kumbe wote wawili wako nyuma ya mlango. Ukurasa wa mwisho ukawekwa wa kesho.

Asubuhi nikakoka moto kwa ukurasa ule. Kuni zilikuwa kavu, hazikuhitaji karatasi.

Alasiri wanawake wakaja mapema. Mtoto akapekua, akapekua tena, akaniangalia. Machozi yakaanza kumtoka.

"Bibi, umeuona?"

"Nimeuchoma."

"Makubwa!" jirani mmoja akasema. "Bibi mzima unashindana na katuni?"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikashika mchi, nikaanza kuwatwangia mwisho wangu mwenyewe, picha baada ya picha, kama nilivyomsikia mtoto akisoma:

"Mlango ameubisha, wawili wamefungua;
Koti mmoja ashusha, wa pili shati avua;
Suruali imekwisha, nje kunanyesha mvua;
Mposaji ametisha…"

Nikaacha mchi juu. Kimya. Mkono ulianza kuuma. Ndipo kutoka kwenye gunia nikasikia:

"Kuku wamemkimbia!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto akacheka huku machozi hayajakauka, akaja kinuni.

Kesho yake akachora wimbo ule kwenye karatasi ya daftari, vijumba vinne, kila mstari na kijumba chake. Kuku wake walikuwa wanakimbia mpaka nje ya mstari. Nilijua nitaipachika karatasi ile sebuleni. Kumbe likizo ilipofika aliikunja, akaipeleka Mikumi.

Nikapanda gari nikamfuata. Nikakuta karatasi imebandikwa ukutani kwenye kibanda cha wali, abiria wanaisoma wanajishika mbavu. "Bibi, una mambo wewe!" wanamwambia yule mwanamke, naye anatabasamu tu.

"Mkwe," nikamwambia, "hayo maneno ni yangu."

"Karibu mkwe. Na gazeti lilikuwa langu, ukalichoma. Kaa ule."

Sikukaa. Nikasimama baina ya meza, nikapiga makofi kwa mwendo wa mchi, nikaimba mbele ya abiria wale hadi "Mposaji ametisha", kisha nikanyamaza. Mkwe akafumbua mdomo apokee, akashika mahali sipo, mapema mno.

Mjukuu wangu alikuwa nyuma, mikono kwenye beseni la sahani. Hata hakugeuka. Alisubiri kimya kiive, ndipo akasema, "Kuku wamemkimbia!"

Nikamtazama mkwe. Nikavuta kiti, nikaomba wali.