Siku Niliyompeleka Shangazi Rasilimali Watu

Aibu mie nnayo, sikatai, lakini ile ya Kiwengwa mpaka leo nkiikumbuka najifunika shuka mchana kweupe.

Hoteli moja ya huko Kiwengwa walinipigia simu, niende Jumatatu nikaonane na ofisi ya rasilimali watu. Nikajibu "sawa sawa" kama mtu anayejua (darasa la saba langu halikulifikia neno hilo). Shangazi yangu Bi Time, aliyenilea hapa mtaani Malindi, akauliza, "Ndo kina nani hao?" Ningesema sijui, yangeisha. Mie nikatoa maana yangu, "Ndo wanaoangalia mtu katoka kwa nani, ana watu gani."

"Basi huendi peke yako kama mtoto wa kuokotwa."

Jumatatu tukatokea kama tunapeleka posa, yeye na buibui la harusini, sinia la visheti kichwani, limefunikwa kawa, mie nyuma na tai ya kuazima. Wenzangu waombaji kazi wamekaa kila mtu na bahasha yake. Yangu ina miguu.

Tukaingia. Dada wa ofisini akamwamkia, "Shikamoo, Bi."

"Marahaba mwanangu. Tumemleta kijana wetu."

Dada akatazama sinia, akanitazama mie, akauma mdomo asicheke. "Makame, huamka saa ngapi?"

Nafungua mdomo, Shangazi kashajibu, "Huyu? Mpaka nimmwagie maji."

"Na ukigombana na mwenzio kazini?"

"Hagombani, hununa. Siku tatu hali, ya nne nakuta sufuria tupu."

Nikamkanyaga mguu. "Wankanyagia nini? Si wameuliza?"

Dada akamweleza taratibu kwamba rasilimali watu ndo wao wanaotafuta wafanyakazi, wakamweka kila mtu pahala panapomfaa, wakamtunza, kwa kuwa hoteli bila ya watu ni kuta tu. Shangazi akanigeukia, "Kumbe hukujua." Dada kashatia kisheti cha pili mdomoni. "Bi, hivi kapika nani?"

Basi sasa Shangazi yuko jikoni pale, ana kofia nyeupe, na mie jina langu liko kwenye faili, wataniita. Tangu siku ile neno nisilolijua nauliza, hata liwe la mboga.

Juzi karudi kutoka kazini nikamuuliza, "Shangazi, yule dada hajaniulizia?"

"Kakuulizia. Kauliza kama ushaamka."