Kijiko kwa Tasbihi

Miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga nilikuwa msaidizi wa fundi wa matrekta Nachingwea. Mke wangu aliishi kwao, upande wa Ruangwa, kama desturi yetu ilivyotaka. Mimba yake ya kwanza ilipoingia mwezi wa tatu, nililetewa habari kwamba hata maji hayakai tumboni. Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Nilipoinama kumsalimu, akatapika. Nikatoka, akatulia. Nikarudi, akatapika tena. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatukutazamana naye, alisema kutoka nyuma ya ukuta, "Mimba imemkataa mumewe. Hutokea."

Nilikaa barazani nimeinamisha kichwa. Bibi wa mke wangu, mwenye haki ya kunitania, akanisogelea akanusa shati langu.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "mimba haijakukataa. Unanuka trekta. Mimi mwenyewe sina mimba, na kichefuchefu kimenishika."

Grisi ilikuwa imeingia mpaka kwenye kucha. Nikajisugua kwa majivu na mchanga, nguo zangu zikapelekwa kwa jirani. Niliporudi nimevaa kanzu ya shemeji iliyoishia magotini, mke wangu alinitazama akatabasamu. Hakutapika. Lakini macho yake yalikuwa yamezama na midomo imepasuka.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alikuja kwa baiskeli. Akavuta ngozi ya mkono wa mgonjwa, ikachelewa kurudi. Akauliza lini alikojoa mara ya mwisho. Hakuna aliyekumbuka.

"Mpeni maji ya mchele, yenye chumvi na sukari kidogo," akasema. "Kijiko kimoja, mngoje, kisha kingine. Mkimpa kikombe atakirudisha chote. Kesho adhuhuri kama bado hajakojoa, mbebeni kwa machela mpaka hospitali. Msingoje zaidi ya hapo."

Saa hatukuwa nayo. Nikatoa tasbihi yangu. Kila nilipomaliza punje zote tisini na tisa nilisema, "Haya," na bibi akampa kijiko. Hofu iliponifanya niharakishe, aligundua.

"Mume wangu, hizo hujazisoma, umezimeza. Anza tena."

Nikaanza tena, taratibu. Vijiko vitatu vya kwanza vilirudi. Cha nne kikakaa. Nilipochoka, mama mkwe alinipokea kule nyuma ya ukuta, akihesabu kwa punje za mahindi.

Kesho yake wanaume walikuwa uani wakifunga machela ya mianzi. Jua lilikuwa limekaribia utosini mke wangu aliposema, "Bibi, nipeleke nje."

Walikawia. Nilishika tasbihi bila kuhesabu chochote. Bibi akarudi amemshika mkono.

"Amekojoa," akasema. "Kidogo, na rangi kama chai ya rangi. Hiyo machela anikieni mtama."

Aliendelea kutapika wiki kadhaa, lakini kijiko kikawa kikombe, kikombe kikawa bakuli la uji. Mwenyezi Mungu akatujalia binti, ambaye leo ana wajukuu.

Dua ya kutoka msalani, ya kumshukuru Mungu aliyekuondolea udhia akakupa afya, nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na kwa miaka mingi niliisoma kama mtu anayefunga mlango nyuma yake. Siku ile niliisoma pale uani kwa ajili ya haja ya mwenzangu, neno kwa neno. Tangu hapo siiharakishi.